Siku Tano za Tanga, na Mama Yako Gatini

Jengo la 104, Ghorofa ya 11,
Bunpyeong-dong,
Cheongju.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Eun-ju,

Kwanza kifua chako. Kinaendeleaje na baridi ya huko Auckland? Da-hae aliniambia amekuona kwenye simu umejifunga skafu mbili ukiwa ndani ya nyumba, na tangu hapo sijatulia. Baba Jun-ha naye, mgongo umempa nafuu? Jun-ha anasomaje? Na Ra-on, bado anagoma kula wali usipofungwa kwa mwani? Tafadhali nijibu mmoja mmoja. Ukiniandikia tu kwamba wote hawajambo nitajua unanificha kitu.

Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu limetupita kimo. Usiku hatulali, mchana hatutoki. Da-hae amebaki Daejeon kwa ajili ya kazi yake ya likizo na anakusalimu. Mama yako hajambo. Niseme kweli, ana afya kuliko mimi. Shinikizo la damu limeshuka, anakula anashiba, na sauti yake haijapungua hata kidogo. Habari za sauti hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Usishangae kuona karatasi badala ya ujumbe wa simu. Katika nyumba hii huwezi kuzungumza kwa simu, Mama anasikia hata akiwa bafuni maji yanamwagika. Sasa hivi ameteremka kwa Bi. Maeng wa ghorofa ya tatu kucheza karata, kwa hiyo nina kama saa mbili. Na kesho posta watafunga kwa sikukuu, ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia.

Nimeudhika, Eun-ju. Nimeudhika tangu wiki iliyopita na sijapata wa kumwambia.

Unakumbuka barua yako ya Juni. Ulisema miaka miwili tangu kaka yako atutoke imetosha, kwamba mimi bado nina umri wangu, nisijifunge na mama wa mtu mwingine. Ukaniambia ile nyumba ya wazee ya Jeungpyeong ni safi na wauguzi wake ni wapole, na kwamba nikikubali wewe hutanilaumu. Nikakuahidi jibu kabla Agosti haijaisha. Nilitaka siku tano tu za kuwa peke yangu nilifikirie jibu hilo vizuri.

Kazi yangu unaijua. Kuwapikia watoto wa shule mia nane na arobaini kila mchana, miaka kumi na tisa, na masufuria ambayo mvuke wake ukikupiga usoni asubuhi, jioni bado unausikia. Mwezi wa saba niliona tangazo kituo cha basi: siku tano Tongyeong, watu wazima wafundishwa kuendesha mashua ya tanga. Sikuwa na haja na bahari hasa. Nilitaka upepo. Nikajiandikisha siku hiyohiyo nikiwa nimesimama pale pale, kabla sijapata akili ya kujikataza.

Jumapili ya kuondoka nafungua mlango na begi langu, namkuta Mama amesimama mlangoni, amevaa kofia ya jua na soksi mpya, mkononi kopo la kabichi ya kimchi limefungwa kwa kitambaa.

"Mama unakwenda wapi?"

"Huko unakokwenda wewe. Nyumba hii ina joto."

"Mama, mimi nakwenda masomoni."

"Na mimi nimekuzuia kusoma?"

Hivyo ndivyo likizo yangu ya upweke ilivyoanza. Kwenye basi alikoroma hadi Jinju. Nyumba ya wageni niliyokuwa nimepanga ilikuwa na chumba kimoja, nami nilikuwa nimekipanga kwa mtu mmoja, kwa hiyo tulilala mgongo kwa mgongo usiku tano. Mwenye nyumba alipoleta supu ya samaki Mama akaionja, akaenda jikoni mwenyewe kuongeza kitunguu saumu. Nilitamani sakafu ifunguke.

Jumatatu asubuhi mwalimu wetu, Bw. Tak, mtu wa miaka arobaini na kitu, mweusi kwa jua kama aliyekaangwa, akamweleza Mama kwa adabu kwamba mwisho wa kujiandikisha ni miaka sitini na mitano. Mama akamjibu kwamba yeye hakuja kujiandikisha, amekuja kukaa. Akafungua kigoda chake cha plastiki, akakiweka mwisho wa gati, akatandaza mwavuli na kuanza kumenya vitunguu saumu alivyonunua sokoni alfajiri. Hapo ndipo alipokaa siku nne.

Nikueleze kwa ufupi kinachomtesa mtu katika mashua hizi ndogo. Ukitaka kwenda kulia unausukuma mpini wa usukani kushoto. Upepo ukiongezeka unataka kuukimbia, kumbe unatakiwa uuelekee. Na ukitaka kwenda kule upepo unakotoka huwezi kwenda moja kwa moja, lazima ubishe, uende upande huu kidogo na upande ule kidogo, na kila ukigeuka, ule mti ulioshika tanga kwa chini unapita kwa nguvu juu ya vichwa vyenu. Watu wote wanainama. Mimi siku ya kwanza sikuinama mara mbili. Bila kofia ngumu leo ungekuwa unapokea barua ya mtu mwingine.

Na kila nikikosea, sauti ilitoka gatini.

"Mama Da-hae! Kitambaa kinapepea mbele! Kivute!"

Bahari nzima ilisikia. Wenzangu saba wakacheka. Mimi nina miaka hamsini na mmoja, Eun-ju, na nilikuwa nakaripiwa kama ninayeunguza wali.

Jumanne ilikuwa mbaya zaidi, ingawa siku hiyo kosa halikuwa la Mama. Nilipangwa mashua moja na bwana mmoja kutoka Daegu, Bw. Yeom, mfanyakazi wa benki aliyestaafu mapema. Alikuwa amesoma vitabu. Tulitakiwa kupokezana usukani kila baada ya robo saa. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono, naye akanipungia.

"Kaa tu, Bibi. Nitafanya mimi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini unajua ni nani aliyekuwa akiniambia maneno hayo. Kaka yako kwa miaka ishirini na minne. Gari, nitafanya mimi. Benki, nitafanya mimi. Hata fomu za shule za Da-hae. Alikuwa ananipenda na hivyo ndivyo alivyojua kupenda. Alipofariki sikujua namba ya siri ya akaunti wala bomba la gesi linafungwa wapi. Pale kwenye mashua nikaona mkono wangu unarudi wenyewe mapajani, na nikakaa. Saa nzima nilikaa.

Kutoka gatini: "Mama Da-hae! Wewe ni mwanafunzi au abiria?"

Jioni tukaenda kula wali wa mwani na ngisi wa pilipili kule karibu na bandari ya wavuvi. Sikuwa na hamu ya kula. Nikamwambia Mama, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea, kwamba ananiaibisha, kwamba nililipia siku tano za amani na yeye ameniletea gati zima la kelele.

Akatafuna mpaka akamaliza. "Nani kakuaibisha? Mimi nimepiga kelele. Aliyekaa ni wewe."

"Yule bwana alininyima usukani."

"Tae-ho alikuzoesha vibaya. Nilimwambia zamani, huyu mwanamke utamharibu. Akanicheka. Sasa yeye hayupo na mimi ndiye ninayeyaona matokeo."

Nikaweka vijiti chini. Usiku huo kopo la kimchi lilikaa katikati yetu chumbani mpaka asubuhi, halijafunguliwa.

Jumatano niliudai usukani. Nilimwambia Bw. Yeom kabla hatujapanda kwamba leo naanza mimi, naye akaona uso wangu akasema sawa. Dakika kumi mambo yalikuwa mazuri. Nikaanza hata kujisikia. Kisha nikamwona Mama kule gatini ameinuka kutoka kigodani, vitunguu vimemwagika, anapunga mwavuli na kupiga kelele ambazo upepo ulizichukua nisizisikie. Nikageuza kichwa kusikiliza. Palepale mashua ikalala ubavu, tanga likaingia majini, na sisi nyuma yake.

Maji ya Agosti si baridi, lakini uchungu wa chumvi yake unaujua. Bw. Yeom alipoteza miwani. Tulipovutwa hadi gatini, mimi nikitiririka, Bw. Tak hakuja kwangu wala kwa Bw. Yeom. Alimwendea Mama.

"Bibi, ulijuaje kwamba wataanguka? Umesimama kabla yangu."

"Kitambaa kilinyooka mno," akasema Mama. "Kilikuwa kimejaa mpaka hakina kunyanzi. Kitambaa kikikaza hivyo na mtu hakilegezi, kitaondoka na kigingi. Mimi nimeanika mashuka ya watu juu ya paa miaka thelathini na minane."

Bw. Tak akamtazama, akatazama mashua yake, akasema kwamba wanafunzi wake huchukua mwezi kuliona hilo. Wenzangu wakamletea Mama kahawa ya barafu. Mimi hakuna aliyenipa hata taulo. Nilisimama pale nimelowa nikijiuliza kwa nini nimekuja kutumia likizo yangu kufundishwa kwamba hata katika kitu nilichokichagua mwenyewe, mama mkwe wangu wa miaka sabini na minne ananishinda akiwa amekaa.

Sasa nifike Alhamisi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Baada ya masomo Bw. Tak alisema anatoa ile mashua kubwa, yenye uzito mwingi chini, ambayo hata ukiilazimisha haipinduki ovyo. Akamwomba Mama aje. Mama akakataa mara mbili kama inavyostahili, mara ya tatu akavaa jaketi la kuokolea. Bw. Tak akanipa mimi usukani, akamketisha Mama mbele yangu, yeye akashika kamba.

Wifi, ilienda. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Mama anasema, "Limelegea juu," Bw. Tak anakaza, mimi nasogeza mpini kidogo, na mashua inainua mabega na kukimbia. Hakuna injini, hakuna mvuke, maji tu yanachanika. Tulipita visiwa viwili. Tukabisha, nikainama kwa wakati wake. Mama naye akainama, kofia yake ikabaki kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sikuwa na hasira na mtu.

Ndipo aliposema, akiangalia mbele, bila kunigeukia:

"Barua ya Eun-ju niliisoma."

Nikatazama kisogo chake chini ya kofia.

"Ilikuwa ndani ya droo ya mikasi. Mimi natumia mikasi. Mwandiko wa mwanangu naujua."

"Mama, mimi sijamjibu bado."

"Najua. Nimeongea na Bi. Cha wa Masan, yule niliyesoma naye shule. Watoto wake wamehama, ana chumba. Baada ya sikukuu ya Chuseok nahamia kwake. Kwa hiyo usijisumbue kufikiri, umekuja huku kufikiri na hufikiri, unaanguka tu majini."

"Mama."

"Angalia mbele. Kitambaa kinapepea."

Kilikuwa kinapepea kweli, kinapiga kelele kama mtu anayekung'uta zulia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeacha mpini. Bw. Tak akajifanya anatafuta kitu kwenye kisanduku cha kamba. Maskini, mashua haina chumba cha pili cha mtu kukimbilia.

Nilikasirika, na mpaka leo bado. Nilikasirika kwamba aliisoma, kwamba amepanga na Bi. Cha mimi sijui, kwamba ameniambia mahali nisipoweza kuinuka na kuondoka. Lakini lipo jingine ninalopaswa kukukiri, na ndilo ninalolificha tangu nilipoanza kuandika. Nilikuambia nakwenda Tongyeong kufikiri. Si kweli. Nilikuwa nimeshaamua. Ndani ya lile basi, Mama akikoroma begani kwangu, mimi kichwani nilikuwa ninatunga barua ya kukuambia ndiyo, mpeleke Jeungpyeong. Nilikuwa nimefikia hata maneno ya kujitetea. Na nadhani yeye alijua, na ndiyo maana alivaa soksi mpya akaja. Alikuja kunipunguzia kazi ya kumwambia.

Ijumaa ilikuwa mtihani. Kuzunguka maboya matatu na kurudi gatini, kila mtu peke yake. Asubuhi Mama hakuwepo. Mwenye nyumba akasema amepanda basi la saa moja kwenda Masan kukiangalia chumba.

Boya la kwanza nililizunguka vizuri, la pili vizuri. La tatu nililigusa kidogo. Nikirudi, nilitakiwa kulegeza tanga mapema ili mashua ipunguze mwendo. Nililiona likiwa limejaa, halina kunyanzi hata moja, na nilijua maana yake. Lakini masikio yangu yalikuwa yanangoja mtu apige kelele kwanza. Gatini palikuwa patupu. Nikaja kwa kasi nikaligonga gati mpaka mbao zikalia, na Bw. Tak akaruka pembeni. Nilipata alama hamsini na nane. Ya kupita ni sitini. Bw. Yeom alipita, na alikuwa muungwana akaninunulia juisi, jambo lililoniudhi zaidi.

Mama alirudi saa kumi, nami nikimngojea kituo cha basi na mabegi yote mawili.

"Umepita?"

"Sijapita."

"Umekosa alama ngapi?"

"Mbili."

Akafikiri. "Ningekuwepo ungekosa kumi."

Njia nzima ya kurudi Cheongju tulizungumza mambo ya chumba cha Masan. Dirisha lake linatazama mashariki. Choo kiko ndani. Bi. Cha ana paka, na Mama hapendi paka. Nilikuwa naitikia, ndiyo Mama, ndiyo Mama.

Juzi usiku mapema, baada ya kula, tulikaa sakafuni tukitoa vichwa vya dagaa wakavu tulionunua Tongyeong. Nikamwuliza. Nilitumia maneno machache kwa kuogopa nisirudi nyuma.

"Mama, wewe unataka kwenda Masan?"

Akaendelea na dagaa wake, kama sita hivi. Kisha akasema, "Mwaka huu wewe ni wa kwanza kuniuliza ninataka nini. Eun-ju hakuniuliza. Wewe hukuniuliza mpaka leo. Hata Bi. Cha hakuniuliza, nilimlazimisha."

"Nakuuliza sasa."

"Na mimi sijui bado. Niache nifikiri. Si nyinyi mlipewa mpaka mwisho wa Agosti?"

Basi hilo ndilo jibu nililokuahidi, na nasikitika kwamba si jibu. Usitume fomu za Jeungpyeong. Na usinitumie tena mimi ushauri juu yake. Mimi na wewe tumeandikiana mwaka mzima kuhusu mwanamke aliyekuwa chumba cha pili akisikia kila kitu, na hatukumgongea mlango. Mpigie yeye. Usiniombe mimi nimpe simu, piga namba yake mwenyewe, umuulize, kisha unyamaze akifikiri, hata akinyamaza muda mrefu. Atakutukana kidogo kwanza. Vumilia.

Ukiweza kuja Chuseok, njoo. Akiamua kwenda, sitaki nimfungie mizigo peke yangu, na akiamua kubaki, nataka uwepo usikie kwa masikio yako kwamba mimi nimemwambia karibu. Kwa sababu nitamwambia hivyo. Nimeshangaa mwenyewe, lakini ndivyo ilivyo. Bado ananiudhi, jana amepanga upya kabati zangu zote za jikoni.

Mtihani wa marudio ni tarehe kumi na mbili Oktoba. Nimelipa. Nikishindwa tena nitarudia mwezi wa nne.

Mpe Baba Jun-ha salamu zangu, na aache kubeba vitu vizito. Mwambie Jun-ha mke wa mjomba wake ameanguka baharini, atafurahi. Mbusu Ra-on. Bi. Maeng anakusalimu, na dada yangu Hyeon-ok wa Jecheon pia, amepona jicho. Siku ya kumbukumbu ya Tae-ho tutampelekea kaburini peasi alizozipenda, nitaweka moja kwa niaba yako.

Nasikia lifti. Nadhani ni yeye. Mungu akulindie kifua chako na nyumba yako, akuongoze kwetu salama.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Ok Hyeon-suk